Tuulize Kompyuta Kabla ya Kumshitaki Mtu

Maongezi yaliyotolewa mbele ya kamati za wahamaji, machefu wa bloki na viongozi wa vijiji vinavyowapokea



Ninajua baadhi yenu mnajiuliza kwa nini mtu wa kazi ya amani amekuja kusema juu ya kompyuta. Mmezoea kutuona tukija kwa ajili ya mashamba, mipaka, visima na uvumi. Leo pia nimekuja kwa ajili ya uvumi. Kamati nyingi siku hizi zina kompyuta moja ya mezani, mara nyingi ile iliyokwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kufika hapa, na ndani yake kuna mambo yanayogusa tumbo la kila mtu: orodha za familia, namba za jetoni, majina ya wajane na ya watoto wasio na wazazi, maandishi ya mapatano. Mambo ya namna hiyo yakipotea, watu hawaanzi kwa kukagua mashine. Wanatafuta mtu. Na katika hali yetu, anayetafutwa kwanza ni yule wa kabila lingine.

Katika kambi moja niliyofanya kazi, jina lake nitaliacha, orodha ya bloki tatu ilipotea siku moja kabla ya ugawaji wa vifaa vya nyumbani. Sekretere wa kamati alikuwa amepeleka flashi mjini, kwenye nyumba ya fotokopi, ili orodha ichapishwe. Huko umeme ukakatika, akarudi bila karatasi. Alipoingiza flashi katika kompyuta ya kamati, aliona dosie moja tu, yenye mshale mdogo kwenye kona ya picha yake. Alibofya, haikufunguka. Alijaribu mara tatu mbele ya watu waliokuwa wakimtazama. Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imezunguka kambi nzima: sekretere amefuta bloki tatu ili kuingiza watu wa kwao. Vijana wakasimama mbele ya hema yake. Mke wake alichukua watoto akaenda kulala kanisani. Prezidenti wa kamati, mama ambaye watu walimheshimu, aliwaomba vijana wangoje hadi asubuhi, nao kwa kunung'unika wakangoja.

Asubuhi kijana mmoja aliyesoma mambo ya informatiki alikaa mbele ya mashine ile dakika kumi hivi. Orodha ilikuwamo wakati wote. Hata jina moja halikupungua. Kompyuta za nyumba za fotokopi hupokea flashi za watu wengi kwa siku, na virusi vinavyopenda flashi hufanya kazi hiyohiyo kila mahali: vinaficha dosie za kweli, kisha vinaweka mahali pake picha ya dosie ambayo ni njia tu ya kuviamsha tena. Mashine ya kamati ilikuwa na kinga, kinga ikawa imeua virusi, kwa hiyo ile njia ilibaki haifiki popote. Hakuna aliyefuta kitu. Ugawaji ulifanyika siku ileile. Lakini familia ya sekretere ilirudi hemani kwake baada ya wiki nzima, na mpaka tulipomaliza kazi yetu pale, mke wake alikuwa akichota maji peke yake.

Ndiyo maana ninaomba leo tujifunze mahali ambapo kompyuta inaficha vitu. Si kazi ya mafundi peke yao. Chefu wa bloki anayejua hata nusu ya haya anaweza kusimama mbele ya watu na kusema, ngojeni kwanza tufungue pale.

Mashine zetu nyingi zinasema Kifaransa, basi maneno ya kwenye ekrani nitayataja kama mnavyoyaona. Bonyezeni kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R. Kisanduku kidogo kinatokea chini, kimeandikwa « Exécuter ». Andikeni humo maneno mawili, control folders, kisha bonyezeni kitufe cha kukubali. Njia hii inafanya kazi katika Windows 7, 10 na 11, kwa hiyo hakuna haja ya kukariri menyu za kila aina. Dirisha likifunguka, nendeni kwenye ukurasa wa « Affichage ». Hapo pana orodha ndefu, na sisi tunataka mistari mitatu. Wa kwanza ni « Afficher les fichiers, dossiers et lecteurs cachés »: uchagueni. Wa pili unaanza na « Masquer les fichiers protégés du système d'exploitation »: ondoeni alama yake. Mashine itawaonya na kuuliza kama mna hakika, mtajibu « Oui ». Wengi huishia kwenye mstari wa kwanza, hawaoni kitu, halafu wanasema orodha imefutwa kweli. Virusi vya flashi huvalisha faili zetu nguo ya faili za mashine yenyewe, na bila mstari huu wa pili hazionekani. Wa tatu ni « Masquer les extensions des fichiers dont le type est connu », huo nao ondoeni alama. Tangu hapo kitu chenye picha ya dosie lakini jina lake linaishia na .exe kitajulikana: hiyo ni programu iliyovaa nguo ya dosie, msiiguse.

Sasa fungueni flashi. Dosie zilizofichwa zitaonekana kwa rangi iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Pengine mtaona dosie isiyo na jina lolote, na vitu vyote vimo ndani yake. Msibofye kitu chenye mshale.

Kuzirudishia rangi yake, fungueni tena kile kisanduku cha dirisha na R, andikeni cmd. Ekrani nyeusi inatokea. Tuseme flashi yenu inaitwa E: andikeni E na nukta mbili, kubalini. Hakikisheni kwamba mstari sasa unaanza na herufi ya flashi. Hapa sifanyi mchezo: kama mstari unaanza na C, simameni, kwa maana C ni tumbo la kompyuta yenyewe na mambo yaliyofichwa humo yamefichwa kwa sababu nzuri. Kisha andikeni hivi, mkiacha nafasi kama mnavyoona:

attrib -h -r -s /s /d *.*

Herufi h ni alama ya kufichwa, r ni alama ya kutobadilishwa, s ni alama ya kuwa mali ya mashine. Kile kistari mbele yake maana yake ondoa. Ngojeni kidogo, na flashi inakuwa kama zamani. Nakilini orodha kwenye mashine, piteni kwenye « Sécurité Windows » muipime flashi, na mwisho rudisheni alama kwenye ule mstari wa pili ili mtoto asije akafuta faili za mashine akidhani ni takataka. Mstari wa tatu uacheni wazi siku zote.

Juu ya kinga yenyewe nitasema kwa ufupi. Windows 7 haipokei marekebisho tangu tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za namna hiyo bado zinaandika na kuchapisha, lakini ni nyumba yenye kufuli la zamani. Orodha zenye majina zisikae humo ikiwa mashine ile inaunganishwa na intaneti.

Kuna vijana hapa ambao tayari wanatabasamu, kwa sababu wanajua ile dosie yenye jina refu la herufi na namba ndani ya mabano, iliyoanza kujulikana sana mwaka 2010, ambayo watu waliibatiza « mode ya Mungu ». Ni kweli, ukiandika jina lile sawasawa mbele yako hupangwa mipangilio zaidi ya mia mbili kwa orodha moja, na inasaidia mtu asiyejua menyu ilipo. Lakini niliwahi kusikia katika kambi kwamba kijana fulani ana dosie ya Mungu na kwa hiyo anaweza kubadilisha jetoni za kila mtu. Haiwezekani. Dosie ile inakusanya tu mipangilio ambayo ilikuwapo tayari katika « Panneau de configuration ». Asiye na ruhusa ya msimamizi hapati ruhusa kwa kuifungua. Jina lenyewe mbele ya nukta unaweza kuandika unavyotaka, hata « Kamati », na mimi ningependa iwe hivyo, kwani jina la Mungu tumelitumia vya kutosha katika magomvi yetu.

Jambo jingine ambalo limeleta maneno makali ni tarehe. Mtu anabofya orodha kwa upande wa kulia, anachagua « Propriétés », anasoma « Créé le » na kuona siku ya juzi. Basi anapiga kelele kwamba orodha imetungwa juzi, baada ya hesabu kwisha. Ndugu zangu, mkinakili faili kutoka flashi kwenda kompyuta, ile nakala hupewa tarehe ya kuzaliwa ya siku ya kunakili. Tarehe ya « Modifié le » ndiyo inayobaki kuonyesha lini maneno yaliguswa kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo si ajabu kuona faili iliyobadilishwa mwezi wa tatu na kuzaliwa mwezi wa tano. Kwetu sisi mtoto hawezi kuwa hivyo. Kwa kompyuta ni jambo la kila siku.

Na je, kama tarehe zote ni za miaka kumi na zaidi iliyopita? Hapo tazameni betri. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, yenye volti 3, imeandikwa CR2032, inayolinda saa ya mashine wakati hakuna umeme. Mahali umeme uko siku zote inadumu miaka mingi. Kwetu, ambako mashine inapata jenereta saa mbili au tatu kisha inakaa bila waya hadi kesho, betri ile ndiyo inayobeba kazi yote na inachoka mapema. Ikifa, mashine inaamka kila siku ikidhani ni mwaka ule ilipotengenezwa. Dalili nyingine ni kwamba ikiwaka inaandika onyo na kuomba ubonyeze F1, au kurasa za intaneti zinakataa kufunguka zikisema hazina usalama. Zimeni mashine, ng'oeni waya, fungueni ubavu, badilisheni betri, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha washeni na mara moja bonyezeni kitufe cha kuingia katika mipangilio ya chini kabisa, ile iliyo chini ya Windows: kwa Dell ni F2, kwa HP za mezani F10, kwa nyingine F1 au kitufe cha kufutia. Wekeni siku na saa, hifadhini, tokeni. Wakati mko humo msiguse kitu kingine. Na msiweke neno la siri humo bila kufikiri, kwani hapo chini mashine nyingi zinasoma klavye kama ni ya Kiingereza: mtabonyeza A, yenyewe itaandika Q, na kesho Windows ikiwa na Kifaransa chake mtatafutana mchawi.

Liko pia jina. Katika « Propriétés » za orodha iliyoandikwa kwa Word pana mahali pa « Auteur ». Pale huandikwa jina lililowekwa siku programu ilipoingizwa katika mashine, na kwa kompyuta zilizotumika hilo linaweza kuwa jina la muuzaji, au la mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kusikia kijiji chenu. Msimkamate mtu kwa jina hilo.

Vipi kuhusu yule anayedai kompyuta iliwashwa usiku? Hilo linaweza kuulizwa. Katika kile kisanduku andikeni eventvwr.msc, fungueni « Journaux Windows », kisha « Système ». Ni daftari ambalo mashine inajiandikia yenyewe. Namba 6005 inaonyesha daftari lilifunguliwa, yaani mashine iliwaka; 6006 inaonyesha ilizimwa vizuri; 6008 inaonyesha ilizimika ghafula, kama pale jenereta inapokata. Saa imeandikwa pembeni. Lakini daftari linawaambia mashine iliwaka, haliwaambii mkono wa nani uliiwasha. Na kama betri imekufa, saa zilizomo hazifai kitu. Niliona watu wazima wakitaka kumhukumu mwenzao kwa mstari mmoja wa daftari hili, na ninawaomba viongozi mlikatae hilo kwa sauti.

Nimesema sana juu ya kufichua. Sasa nigeuze upande wa pili, ambao kwangu ni mzito zaidi.

Sekretere wengine wakishajifunza haya wanafurahi kwamba wamepata mahali pa kuweka siri. Wanabofya « Propriétés », wanatia alama kwenye « Caché », orodha inapotea machoni, wanalala usingizi. Ndugu, wote waliokaa hapa leo, na wapita njia waliosimama mlangoni, wamejua tayari jinsi ya kuiona. Kuficha na kufunga ni vitu viwili. Hata faili iliyotupwa katika « Corbeille » na corbeille ikamwagwa, kwenye diski mara nyingi bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tena andikeni neno recent katika kile kisanduku cha dirisha na R: mtaona majina ya hati zilizofunguliwa siku za karibuni, hata zile zilizofunguliwa kutoka flashi ambayo imekwisha kuondolewa. Jina peke yake, kama « wanawake waliotoa ushuhuda », linatosha kuleta msiba.

Katika mwezi wa pili wa mwaka 2025, kambi za kandokando ya Goma, Bulengo na Lushagala zikiwamo, zilibaki tupu kwa siku chache, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia. Mtu anayebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani habebi kompyuta ya mezani. Itabaki. Anayeikuta, awe nani, anakuta orodha: jina la baba, kijiji alichotoka, idadi ya watoto, namba ya simu. Kwa mashirika hiyo ni orodha ya chakula. Kwa mtu mwingine ni njia ya kufika mlangoni.

Kwa hiyo ushuhuda wa mtu aliyeteswa usikae katika kompyuta ya kamati hata siku moja. Orodha za familia zifungwe kwa neno la siri: katika Word nendeni « Fichier », « Informations », « Protéger le document », « Chiffrer avec mot de passe ». Chagueni maneno manne ya lugha ya nyumbani yasiyohusiana, msichague tarehe ya kuzaliwa. Likisahauliwa, orodha imekwenda, hakuna fundi wa kuirudisha, basi wekeni nakala ya karatasi kwa mtu mnayemwamini. Majina ya hati yawe ya kawaida. Na kisichohitajiwa tena kisiandikwe tena. Sheria yenyewe ya nchi iko upande wenu: Kodi ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, kwa hiyo anayewaomba orodha nzima kwenye flashi yake lazima aseme ni nani, anaitaka kwa kazi gani, na ataitunza namna gani. Kukataa kwa heshima si uadui.

Inabaki kujua nani ashike ufunguo. Ushauri wangu ni kwamba sekretere atumie akaunti ya kawaida kila siku, na akaunti ya msimamizi, ile inayoweza kubadilisha kila kitu, iwe na neno lake lililoandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi na watu wawili wa jamii mbili tofauti, na mmoja wao awe mama. Bahasha inafunguliwa wote wawili wakiwapo, na siku hiyo inaandikwa daftarini. Sekretere wengine wamenijibu kwamba huko ni kutowaamini. Ninawajibu kwamba mtu anayejua milango yote peke yake ndiye atakayesimamishwa mbele ya hema yake siku flashi ikileta virusi. Bahasha ile inamlinda yeye kwanza.

Papa chefu ameniambia jenereta itawaka hadi saa kumi. Tunayo mashine mbili hapa mezani na betri nne za CR2032. Kila kamati itume watu wawili, sekretere na mwingine ambaye si wa ukoo wake, wakiwa na flashi yao. Tuanze na wale waliotoka mbali.